Nani Mwenye Jalada? Uhakiki wa Safari za Nyaraka

Utamaduni wa taifa unapozungumzwa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula, methali na mashairi. Ni nadra mtu kulitaja jalada. Jalada huonekana kuwa ni kitu cha ofisi tu, kitu cha kupigwa muhuri na kuwekwa kabatini, kisichokuwa na uhai wala ladha. Hata hivyo, tukichunguza kwa makini tutaona kwamba jalada la serikali ni maandishi kama yalivyo maandishi mengine. Lina mtunzi, lina wahusika, lina msomaji aliyekusudiwa, na lina mambo ambayo mtunzi ameyasema na mengine ambayo ameyanyamazia. Kila chenye sifa hizo ni halali ya mhakiki.

Katika insha hii nakusudia kuhakiki jambo moja mahususi, nalo ni safari za watumishi wa serikali waliotumwa ng'ambo kwenda kutazama maktaba na hazina za nyaraka zinazohusu nchi zao. Mfano nitakaoushika ni wa jirani zetu wa Kenya, kwa sababu habari zake zimekwisha kudhihirika mbele ya mahakama, na zinajulikana kwa tarehe na kwa hesabu. Maswali ni matatu. Wasafiri wale walikwenda kutafuta nini? Kwa nini hawakukipata chote walichokitafuta? Na sisi tuliobaki nyumbani, walimu na wanafunzi, tunafundishwa nini na safari hizo?

Majalada yaliyoondoka

Tuanze na chanzo. Tarehe 3 Mei 1961 Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapelekea watawala wa makoloni maagizo juu ya majalada yatakayofaa kurithishwa serikali mpya za uhuru. Kwa mujibu wa maagizo hayo, hazikupaswa kukabidhiwa nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza au serikali nyingine. Wala zile zinazoweza kuwaaibisha polisi, askari, watumishi wa serikali na watoa habari wao. Wala zile zinazofichua njia za upelelezi. Wala zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia isivyostahili. Mhakiki akiyasoma maagizo hayo ataona kwamba nguzo yake ni aibu. Mwandishi hakusema kwamba nyaraka hizo zina uongo ndani yake. Alisema kwamba zinaaibisha, na mtu mzima haaibiki kwa jambo alilosingiziwa kama anavyoaibika kwa jambo alilolitenda.

Huko Kenya masijala za serikali ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza liliitwa la urithi, yaani majalada watakayoachiwa watawala wapya. Fungu la pili liliitwa la tahadhari, likapigwa muhuri wa herufi W, na likaruhusiwa kushikwa na maofisa Waingereza wenye asili ya Ulaya peke yao. Katika makoloni, nyaraka nyingi zilichomwa moto, na maagizo ya siku zile yalitaka hata majivu yavurugwe ili kisibaki kipande cha kusomeka. Au kama haikuwezekana kuchoma, zitiwe katika masanduku yenye uzito na kuzamishwa penye kina kirefu pasipo mkondo. Yaliyosalia ya Kenya, yapata majalada 1,500, yalipakiwa katika ndege na kupelekwa London mwishoni mwa mwaka 1963, wakati ambapo wananchi wa Kenya walikuwa wakijiandaa kupandisha bendera yao tarehe 12 Desemba.

Ndiyo kusema, taifa lile lilizaliwa likiwa na ukurasa uliochanwa. Lilirithi ofisi, makabati na makarani, lakini masijala yake ilikuwa na mapengo. Nambari moja ya jalada ilikuwapo, ya pili haikuwapo, na ya tatu ikafuata kana kwamba hapakutokea kitu.

Safari na mipaka yake

Mwaka 1965 Kenya ilijiwekea sheria ya nyaraka za umma na kuunda idara ya kuzitunza. Mwaka 1967 serikali yake iliiomba Uingereza irudishe majalada yaliyochukuliwa. Uingereza ilikataa. Hapo ndipo ilipotafutwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, watumishi wa Nyaraka za Taifa za Kenya walitumwa Uingereza kuzitambua nyaraka zinazoihusu nchi yao na kuzipiga picha katika maikrofilamu, ili nakala zake zirudi Nairobi.

Ni haki kwanza tuisifu kazi hiyo. Maneno "safari ya kikazi" yamepata sifa mbaya masikioni mwa watu wengi. Mtu akiyasikia hufikiria posho, hoteli na taarifa ya kurasa mbili isiyosomwa na mtu. Safari za watumishi hawa zilikuwa za namna nyingine. Kutafuta waraka katika hazina kubwa ni kazi ya kuinamia meza tangu asubuhi hata jioni: unaisoma orodha mstari kwa mstari, unaagiza jalada kwa nambari, unalingoja, unalifungua, unakuta ndani yake karatasi mia mbili, na miongoni mwake pengine tatu tu ndizo za haja yako. Kesho unaanza upya. Kazi hiyo haina shangwe. Hakuna anayepigiwa ngoma kwa kuleta nyumbani nakala ya barua ya bwana shauri. Lakini bila kazi hiyo, historia ya nchi huandikwa na wale tu wanaokaa karibu na kabati.

Karatasi zenyewe zilikuwa zimetawanyika pia. Barua na shajara za waliokuwa watumishi wa kikoloni zilianza kukusanywa Oxford tangu mwaka 1963, zikawekwa Rhodes House, na siku hizi zimo katika maktaba ya Bodleian ya chuo kikuu hicho. Upande wa pili wa bahari, Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani kilipata katika miaka ya 1960 maikrofilamu za nyaraka zilizokuwa zimebaki Kenya, hata mwanafunzi wa huko akaweza kuzisoma taarifa za mwaka za wilaya za Kenya pasipo kufika Nairobi. Tofauti baina ya safari hizi mbili yafaa izingatiwe. Kenya ilipofungua mlango wake ilitoa nakala na kubaki na asili. Uingereza ilichukua asili na kuacha rafu tupu.

Sasa tuje kwenye upungufu. Mtumishi aliyekwenda kutafuta nyaraka alilazimika kuiamini orodha. Orodha ndiyo mlango wa hazina. Lisilomo katika orodha haliwezi kuagizwa, na lisiloagizwa haliletwi mezani. Sisi wasomaji wa fasihi tumezoea kuiona orodha kuwa ni maandishi yasiyo na mtunzi, kama kwamba imejiandika yenyewe. Sivyo. Mtu fulani aliamua nini kiingie na nini kisiingie, na uamuzi huo ni utunzi. Majalada yale 1,500 hayakuwamo katika orodha yoyote ambayo mgeni aliweza kuisoma. Kwa hiyo msafiri angeweza kuwa hodari, mwenye subira na elimu, akarudi nyumbani na mikebe ya filamu, na bado akawa amepita kando ya kile hasa kilichomtoa kwao. Alioneshwa sebule, naye akadhani amezunguka nyumba.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya safari za aina hii: zilimfanya mwenye mali awe mgeni wa mali yake. Mgeni hula alichoandaliwa. Hawezi kuingia jikoni kufunua vyungu.

Mlango ulifunguliwa na nani?

Mlango haukufunguliwa na watumishi wa serikali. Mwaka 2009 wazee wachache wa Kenya, wanaume kwa wanawake, walifungua mashtaka katika Mahakama Kuu ya London wakidai fidia kwa mateso waliyoyapata kambini wakati wa vita vya Mau Mau. Wanahistoria waliowasaidia, miongoni mwao David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walikuwa wamezisoma nyaraka nyingi kiasi cha kuyatambua mapengo. Walijua kuwa kuna majalada yaliyotajwa mahali fulani ambayo hayakuonekana mahali popote. Kwa kushinikizwa na kesi hiyo, mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada ya Kenya yamo Hanslope Park, katika jimbo la Buckinghamshire, pamoja na mengine kutoka makoloni mengi; jumla yake majalada yapata 8,800 ya nchi 37.

Mawakili wa serikali ya Uingereza walikuwa wamedai kwamba mambo hayo ni ya zamani mno, kwamba mashahidi wengi wamekufa, na kwa hiyo kesi haiwezi kusikilizwa kwa haki. Mwezi Oktoba 2012 Jaji McCombe aliikataa hoja hiyo. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba nyaraka zilizopo ni nyingi kiasi cha kuiwezesha mahakama kuyapima mambo kwa haki. Tuitafakari nukta hiyo. Karatasi ambazo ziliondolewa ili zisiaibishe ndizo zilizowapa wazee wale nafasi ya kusikilizwa. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alilitangazia Bunge masikitiko ya serikali yake na makubaliano ya kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwa ndani yake. Majalada yenyewe yalihamishiwa katika Hazina ya Nyaraka ya Taifa la Uingereza huko Kew na kufunguliwa kwa wasomaji mafungu kwa mafungu, tangu Aprili 2012 hadi Novemba 2013.

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazee wale walipokuwa wakilala na makovu yao, fimbo ya kuwatetea ilikuwapo, lakini ilikuwa maili elfu kadhaa kutoka mikononi mwao, chini ya kufuli. Wengi walikufa kabla ya kuishika. Hilo ndilo jambo ambalo mwalimu hana budi kulieleza darasani anapoulizwa faida ya kutunza makaratasi ya kale.

Mtunzi ni nani?

Hoja iliyotumiwa na Uingereza kukataa kuyarudisha majalada ilikuwa hoja ya umiliki. Ilisema kwamba majalada hayo yaliandikwa na watumishi wake, kwa kazi yake, kwa karatasi yake. Kwa hiyo ni mali yake. Hoja hii isidharauliwe, kwani ina sura ya mantiki, na hata wenzetu wengine huikubali. Katika sheria za kimataifa nako hapana jibu lililokamilika. Mkataba uliotungwa Vienna mwaka 1983 juu ya mali, nyaraka na madeni ya nchi zinazorithiana haujapata kuanza kutumika, kwa kuwa nchi zilizouridhia hazikutimia.

Lakini swali la nani mtunzi wa maandishi ni swali letu sisi wahakiki kabla halijawa la mawakili. Fungua jalada lolote la wilaya ya kikoloni, utakuta nini? Utakuta malalamiko ya wazee juu ya ardhi. Utakuta maelezo ya mfungwa yaliyotolewa kwa Kigikuyu au Kiswahili, yakafasiriwa na mkalimani, yakapigwa mashine na karani, ndipo yakatiwa sahihi na bwana mkubwa. Utakuta hesabu ya kodi iliyolipwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa. Sahihi ni ya mmoja. Sauti ni za wengi. Mkusanyaji wa methali hadai kwamba methali ni zake kwa sababu kalamu ilikuwa yake, na mtu akidai hivyo tutamcheka. Basi kwa nini tumkubalie anayedai kwamba kilio cha watu ni mali yake kwa sababu alikiweka katika karatasi yenye nembo ya ofisi?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa utunzi wenye mikono mingi. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyeishi karne ya kumi na tisa, yalihifadhiwa kwa juhudi ya Mwalimu Sikujua aliyeyajua na kuyakusanya, na ya mmisionari W. E. Taylor aliyeshirikiana naye kuyaandika. Hati hizo zikaenda London na kuwekwa katika maktaba ya chuo kinachofundisha lugha za Afrika. Hakuna mwenye akili anayesema leo kwamba kwa kuwa hati zipo London, mashairi hayo ni ya London. Tunayasoma, tunayahakiki, na tunayaita ya Muyaka. Ninachodai ni kwamba kanuni hiyohiyo iyafikie maneno ya mtu wa kawaida yaliyofungiwa ndani ya jalada.

Yapo makabiliano mengine yanayosikika, kwamba huku kwetu nyaraka huliwa na mchwa, huloweshwa na mvua, na hata huuzwa kufungia maandazi. Hili si la kukana moja kwa moja. Ni dhahiri kwamba hifadhi mbovu huua kumbukumbu polepole kama moto unavyoiua kwa haraka. Lakini uzembe wa mrithi haumpi jirani haki ya kuishika shamba. Dawa ya uzembe ni kujenga maghala, kusomesha wakutubi na watunza nyaraka, na kuwalipa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kumbukumbu ukianguka haujengeki tena.

Lugha ya majalada

Tukikwisha kulipata jalada, twapaswa kulisoma. Na hapo ndipo elimu ya fasihi inapohitajika kuliko inavyodhaniwa. Nitatoa mifano miwili.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa waliokataa kazi ya shuruti walipigwa na walinzi. Kumi na mmoja walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni haikusema kuwa walipigwa. Ilieleza kwamba vifo vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji ya gari la maji. Itazame sentensi hiyo kama mwanafunzi anavyotazama ubeti. Vifo vilitokea: ni kweli. Maji yalinyweka: yamkini ni kweli pia. Uongo wote umebebwa na neno moja dogo, "baada". Msomaji anapewa mambo mawili yaliyofuatana, na yeye mwenyewe anaachiwa kazi ya kuyafunga pamoja, hata adhani la kwanza limelizaa la pili. Kisha angalia kitenzi: vifo "vilitokea", kama mvua inavyotokea au alfajiri inavyotokea. Mtendaji hayupo. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo huyu ilikatika mara tu madaktari walipoichunguza miili. Lakini sarufi yake imeishi, na hadi leo hutumiwa na kila ofisi inayotaka kusema jambo bila kumtaja aliyelitenda.

Mfano wa pili ni wa neno. Mwaka 1957, katika kambi za Mwea, ilitumika mbinu ya kuwachukua wafungwa wachache wasiotii na kuwatia katikati ya wengi waliokwisha kutii, ili wavunjwe nguvu kwa kipigo na shinikizo. Mbinu hiyo iliitwa kwa neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili ni kuzimua, kama tunavyozimua maziwa kwa maji au uji uliokuwa mzito. Neno la jikoni likawekwa kuifunika fimbo. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliujua uzito wa jambo lenyewe, kwani mwaka huohuo alimwandikia Gavana Evelyn Baring kwamba, kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Barua hiyo ina faida kubwa kwa mhakiki kuliko taarifa mia za mwaka, kwa kuwa ndani yake lugha imevua kanzu. Bwana huyu alikuwa akizungumza na msomaji mmoja tu, na hakutazamia kwamba wewe nami tutasimama nyuma ya bega lake.

Kutokana na mifano hiyo napata kanuni mbili za kusoma jalada. Ya kwanza: kila kitenzi kisichokuwa na mtendaji, mtafute mtendaji wake. Ya pili: kila neno laini, uliza limefunika kitu gani kigumu. Mwalimu anaweza kuzifundisha kanuni hizi pamoja na somo la kauli ya kutendwa, na wanafunzi wakaona kwamba sarufi si adhabu ya mtihani bali ni taa.

Na sisi je?

Itakuwa ni unafiki kuyachambua ya Kenya na kuyaacha yetu. Miongoni mwa majalada yaliyofichuliwa mwaka 2011 yamo ya Tanganyika na ya Zanzibar pia. Kabla ya hapo kulikuwa na utawala wa Wajerumani, ambao nyaraka zake ziligawanyika. Majalada ya makao makuu ya makoloni yalibaki Berlin. Majalada ya ofisi za huku yalibaki Dar es Salaam. Haya ya Dar es Salaam yalipangwa kwa msaada wa wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani, na orodha yake ikachapishwa Marburg mwaka 1973. Mwaka 1997 Shirika la UNESCO liliyaingiza katika daftari la kumbukumbu za dunia, kama lilivyofanya mwaka 2003 kwa hati na vitabu vya Kiarabu vilivyoko Zanzibar. Kwa hiyo hapa mambo yaligeuka: watumishi wa ng'ambo ndio waliosafiri kuja kutazama hazina yetu. Kazi yao ilikuwa njema. Lakini orodha iliandikwa kwa Kijerumani, na majalada mengi ni ya mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha kale. Mtoto wa Songea au Kilwa akitaka kujua babu yake ameandikwa nini mwaka 1906, hapana budi kwanza ajifunze lugha ya aliyemshtaki.

Taifa letu limewahi kuonesha njia bora zaidi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walianza kwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Hawakwenda ng'ambo, walikwenda kwao. Nyaraka za Wajerumani zilikuwa zimesema juu ya waasi na ushirikina. Wazee walisema juu ya mashamba ya pamba, kazi ya kulazimishwa na kodi. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein naye alitoa tamthilia ya Kinjeketile, na tangu hapo wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakijadiliana juu ya maji, imani na umoja. Utafiti na sanaa vilikwenda sambamba katika zama zilezile, nalo jambo lililokuwa la aibu katika jalada la mtawala likawa la heshima katika fasihi ya mtawaliwa.

Hata hivyo nisieleweke kwamba masimulizi ya mdomo yanatosha. Mzee husahau, huchanganya, na hatimaye hufa. Waraka na kinywa ni kama mawe mawili ya kinu cha kusagia: la chini halisagi bila la juu. Kwa lugha ya washairi ningelisema hivi:

Waraka ukihamishwa, ukafungwa sandukuni,
Na wajumbe wakachoshwa, kwa safari ugenini,
Kweli haitakomeshwa, ingali hai vinywani,
Navyo vinywa hukumbushwa, na wino wa kitabuni.

Taarifa ya kurudia

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtumishi aliyetumwa kutazama maktaba za mbali hatimaye hurudi, na safari yake hupimwa kwa kile anachokileta. Mimi ningependa ipimwe kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza, alete habari za mapengo pamoja na habari za vilivyoonekana. Taarifa inayosema "tumekuta majalada haya" ni nusu ya taarifa. Nusu ya pili ni kusema, nambari hizi zimekosekana, jalada hili limetajwa ndani ya lile lakini halikuletwa, tuliomba hiki tukanyimwa. Kesi ya mwaka 2009 ilisukumwa na watu waliojua kuyasoma mapengo. Laiti elimu hiyo ingekuwa imeenea mapema, huenda wazee wengi zaidi wangeishuhudia siku ya haki yao.

Jambo la pili, taarifa yake iandikwe kwa Kiswahili na isomwe na umma. Waraka uliorudishwa kutoka kabati la London ukafungiwa kabati la hapa na kupigwa muhuri wa siri, haujarudi. Umebadili kufuli tu. Chukua kurasa chache zilizo muhimu, zifasiri, zitie maelezo, zichapishe katika kijitabu cha bei nafuu, zipeleke shuleni. Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inazihesabu nyaraka hizi kuwa ni za taifa. Na taifa si wizara, taifa ni pamoja na kidato cha pili cha shule ya kata.

Jambo la tatu ni letu sisi sote. Majalada yanayoandikwa leo ndiyo yatakayotafutwa na wajukuu. Mihtasari ya mikutano ya kijiji, daftari la wanafunzi, hesabu za chama cha ushirika, hukumu za baraza la kata: yote hayo ni fasihi ya taifa inayongoja msomaji. Mwalimu na awachukue wanafunzi wake hadi ofisi ya kijiji, aombe ruhusa, awaoneshe daftari moja la zamani. Wasome mwandiko. Watafute watendaji wa vitenzi. Waulize wazee kama mambo yalikuwa hivyo. Kisha waandike kurasa mbili, na nakala yake ibaki shuleni, mahali pakavu, imeandikwa tarehe na majina ya waliohojiwa. Safari hiyo haihitaji pasipoti wala posho, na hakuna mtu wa ng'ambo anayeweza kuwaambia kwamba jalada walilolifungua si mali yao.